Mvuke kwenye vioo, njia ya Kavumu



Mwezi wa tisa ukifika, Bukavu inabadilika sura. Vumbi la mwezi wa saba linageuka potopoto, mitaro inajaa, na milima ya ng'ambo, upande wa Rwanda, inapotea nyuma ya mvua. Mvua hiyo inatufuata mpaka mwezi wa tano. Mji wetu si wa joto kali: ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na mitaa yetu inapanda juu zaidi, hata mchana wa mvua ni mchana wa sweta. Ni wakati huo vioo vya gari vinapogeuka vyeupe, na dereva anaanza kuendesha akichungulia kwenye tundu alilofuta kwa kiganja.

Wengi wetu hatuna gari, lakini tunapanda. Asubuhi tunapanda taksi ya mjini, wanne nyuma na wawili mbele. Siku ya soko tunapanda Hiace. Mtoto akiugua tunapanda chochote kinachosimama. Kwa hiyo juma hili tunaomba tuzungumze juu ya mvuke huo, tukifuata njia moja ambayo wengi wetu tunaijua: kutoka mjini hadi Kavumu, kilomita 30 hivi.

Njia yenyewe

Basi linajaa mjini, watu 18 au 20 pamoja na watoto wa mapajani. Linapita upande wa Bagira, linaingia Kabare, na ziwa linaonekana mkono wa kuume, kati ya migomba. Kisha Mudaka na soko lake, kisha Miti, ambapo barabara inagawanyika: ya kushoto inapanda Tshivanga, kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega, ya kuume inakwenda Kavumu, Katana na Kalehe.

Jua likiwaka, hii ni njia nzuri sana. Mvua ikinyesha, hesabuni wenyewe vitu vilivyo pembeni yake. Kuna wamama wenye mizigo ya makala mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, hawawezi kugeuza kichwa. Kuna motari zinazotafuta mahali pakavu. Na kuna wanafunzi. Wale wa masomo ya mchana wanatoka karibu na saa kumi na moja, giza likikaribia, mashati meupe na sketi za buluu, wamejifunika jani la mgomba au mfuko wa plastiki kichwani. Mtoto aliyejifunika hivyo hasikii gari linalotoka nyuma. Dereva asiyeona, na mtoto asiyesikia: hapo ndipo hatari ilipo, na sisi walimu tunaifikiria kila mara tunapofungua mlango wa darasa na mvua ingali inanyesha.

Kuna jambo lingine. Magari mengi yetu yanatoka Japani, usukani uko kuume, nasi pia tunaendesha kuume. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita lori, anayeona kwanza gari linalokuja ni abiria wa mbele, upande wa kushoto. Kioo cha upande huo kikiwa cheupe, wote wawili hawaoni kitu.

Maji yanatoka wapi?

Wengi wanafikiri mvuke unatoka kwenye mvua ya nje. Unatoka kwetu. Mtu mzima, akipumua tu, anatoa mililita 15 hadi 20 za maji kwa saa moja. Watu 20 katika Hiace iliyofungwa wanatoa kwa saa moja maji ya kujaza chupa moja ya soda. Ongezeni nguo zilizolowa, vitenge vya mgongoni, miavuli, mikeka ya chini iliyojaa potopoto, na gunia la mboga lililonyeshewa.

Maji hayo yote yanaingia hewani. Hewa ya joto inabeba maji mengi, hewa ya baridi inabeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye digrii 30 inaweza kubeba gramu 30 za maji. Ikipoa hadi digrii 20, inabeba 17 tu. Zinazobaki lazima zishuke mahali. Kioo kinachopigwa na mvua ndicho kitu cha baridi kuliko vyote ndani ya gari, basi zinashuka hapo, kama zinavyoshuka kwenye mfuniko wa sufuria au kwenye chupa iliyotoka kwenye frigo. Matone ni madogo sana na ni mengi, yanatawanya mwanga, ndiyo maana kioo kinakuwa cheupe. Usiku, taa za gari linalokuja zinageuza weupe huo kuwa ukuta.

Mkijua hivyo, dawa inajulikana: kutoa hewa yenye maji, kuingiza hewa nyingine, na kupasha kioo joto.

Kazi ya dereva

Kwanza, hewa itoke nje. Kwenye magari mengi kuna kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Kikiwaka, gari linarudisha pumzi zetu zilezile. Wakati wa mvua kizimwe, hewa mpya iingie. Maandishi yakiwa ya Kijapani si kitu, picha ni ileile.

Pili, hewa ielekezwe kwenye kioo cha mbele: picha ya kioo yenye mishale inayopanda. Tatu, kama kipoza hewa kinafanya kazi, kiwashwe hata siku ya baridi, pamoja na joto. Kazi yake hapa ni kukausha hewa: maji yanashika kwenye bomba lake la baridi, yanadondoka chini ya gari. Lakini magari mengi ya njia zetu kipoza hewa chake kilikufa zamani. Hapo joto la injini linalopulizwa kwenye kioo linatosha, kama hewa inatoka nje. Kioo cha nyuma chenye nyuzi nyembamba kina umeme wake wa kukipasha. Kama nyuzi hazijakatika, kitufe chake kinakisafisha kwa dakika chache.

Nne, kioo kisafishwe ndani kabla ya safari. Vumbi, moshi wa sigara na mafuta ya mikono vinashika mvuke. Ndiyo sababu kiganja ni kitambaa kibaya: kinafuta kwa dakika moja na kuacha mafuta, na mvuke unaofuata unakuwa mbaya zaidi. Kipande cha kitenge kikuukuu, kilichofuliwa mara nyingi, kikavu na safi, ndicho kinachofaa.

Wako madereva wanaopaka sabuni kavu kidogo, au povu la kunyolea ndevu, kwenye kioo kisafi, kisha wanapangusa mpaka kionekane kama hakijapakwa kitu. Ni kweli inasaidia kwa siku chache: maji yanatandaa kuwa utando mwembamba, hayawi matone, na macho yanapita. Wanaopanda motari wanaweza kufanya hivyo kwenye kioo cha kofia pia. Lakini sabuni nyingi inaleta ukungu wake yenyewe, basi ipakwe gari likiwa limesimama, na kidogo tu.

Kama mvuke hauondoki kabisa, unashika kama mafuta, kuna harufu tamu, na zulia la miguuni mbele limelowa, hiyo si pumzi ya abiria. Yawezekana maji ya injini yanavuja ndani. Gari hilo lipelekwe kwa fundi.

Kazi yetu

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ubishi wa dirisha tunaujua wote. Dereva anafungua, mama wa nyuma anasema funga, mtoto atapata baridi. Madirisha yote yanafungwa, na baada ya dakika kumi hakuna anayeona barabara.

Mama huyo ana haki ya kumlinda mtoto wake. Tunachoomba ni kugawana. Dirisha lifunguliwe upana wa kidole kimoja, la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, ili hewa ipite. Mwenye mtoto mchanga akae katikati ya kiti, mbali na tundu, na wale wa dirishani wampishe. Mtoto afunikwe kichwa na kifua, miguu ikauke. Kitenge kikavu kikae ndani ya kikapu, tumvishe tukiingia. Mafua yanaletwa na virusi, na virusi vinapenda gari lililofungwa na kujaa watu wanaokohoa; tundu la kidole linamsaidia hata huyo mtoto.

Mengine ni mepesi. Tukung'ute miavuli kabla ya kupanda, tuifunge ndani ya mfuko. Gunia lililolowa liende juu ya basi, chini ya turubai. Viatu vipanguswe mlangoni. Anayekaa mbele kushoto apewe kitambaa kikavu na ajue kazi yake ni kioo cha upande wake.

Na wanaoelekea Uvira wajue jambo moja tofauti. Mkishuka Ngomo kwenda Kamanyola, mnatoka kwenye baridi mnaingia kwenye joto la bonde la Ruzizi. Ndani ya gari lenye kipoza hewa, kioo ni cha baridi, na mvuke unashika upande wa nje. Kufuta ndani hakusaidii. Dereva awashe vile vifagio vya mvua na apunguze baridi.

Mwanamke aliyeona

Vifagio hivyo vya kufuta mvua vina habari inayotuhusu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mary Anderson, mama wa Alabama huko Marekani, alipanda tramu New York siku ya baridi na theluji. Aliona dereva anafungua kioo na kupigwa na baridi ili aone njia. Mary hakuwa dereva wala fundi, alikuwa abiria. Aliporudi kwao alichora kifagio cha mpira kinachosukumwa kwa mkono kutoka ndani, na mwaka 1903 alipewa hati ya serikali kwamba wazo ni lake. Mwaka 1905 kampuni moja ya Kanada ilimjibu kwamba kitu hicho hakina faida ya biashara. Hati yake iliisha mwaka 1920 bila kumletea fedha, na leo hakuna gari linalotoka kiwandani bila vifagio. Aliyeketi kwenye kiti cha abiria aliona vizuri kuliko wenye mashine.

Somo la nyumbani

Watoto wanaweza kulijifunza jambo hili bila gari. Twaeni kioo cha kujitazama, kigaweni mara mbili kwa kidole. Nusu moja pakeni sabuni kavu kidogo, mpanguse mpaka ing'ae. Nusu nyingine iacheni. Kishikeni juu ya sufuria ya maji ya moto, si karibu sana, na mtu mzima ndiye akishike. Waulizeni: upande gani mnajiona? Kwa nini? Kisha waulizeni swali linalofuata: dereva akiwa haoni, yeye anakuonaje wewe ukiwa umejifunika mfuko kichwani? Mtoto aliyejibu mwenyewe atatembea upande wa kushoto, akitazama magari yanayokuja.

Kwa vikundi vya muso vinavyokutana juma hili, tunapendekeza jambo moja: zungumzeni neno gani mtamwambia dereva, na nani atalisema. Mwanamke mmoja akisema peke yake, anaambiwa ashuke na atembee. Watano wakisema pamoja, gari linasimama. Maneno yenyewe yawe ya heshima, kwa sababu huyo naye ana watoto wanaomngojea: «Papa shofa, tunaomba usimame kidogo, tupanguse vioo. Tutafika wote.»

Dakika mbili pembeni ya barabara zinatosha. Konvoyeri anapangusa mbele, sisi tunapangusa pembeni, madirisha mawili yanafunguliwa upana wa kidole, na safari inaendelea. Tuwekeni kitambaa kimoja kikavu katika kila kikapu, tangu sasa hadi mwezi wa tano.