Kutoka Daftari la Nyimbo Hadi Historia ya YouTube

Daftari la nyimbo ni kumbukumbu ya binafsi ambamo msikilizaji huandika maneno ya nyimbo anazozipenda pamoja na majina ya bendi na waimbaji. Katika miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa jambo la kawaida kwa vijana wa Tanzania, hasa wanafunzi. Tanzania Bara haikupata televisheni hadi 1994, na nyimbo nyingi za bendi kama Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Wasikilizaji wengi walizipata redioni tu. Wimbo ukishapita, aliyeupenda alingoja upigwe tena.

Kwa hiyo wimbo mmoja uliandikwa kwa siku kadhaa. Kiitikio kilitangulia kwa kuwa hurudiwa, kisha zikafuata beti. Neno lisilosikika vizuri liliachiwa nafasi, likajazwa baadaye kwa kuwauliza marafiki. Nyimbo za Kilingala ziliandikwa kwa kufuata sauti, hata na wasioelewa maana yake. Kazi hiyo ilimfunza kijana kusikiliza kwa makini, na aliyemaliza kuandika wimbo kwa kawaida alikuwa ameshauhifadhi kichwani.

Vitabu navyo vilikuwa na orodha yake. Riwaya za Elvis Musiba kuhusu mpelelezi Willy Gamba zilipita mkono kwa mkono, na msomaji makini aliandika jina la kitabu, mwandishi wake na mtu aliyemwazima. Orodha ya namna hiyo ilisaidia kurudisha kitabu kwa mwenyewe, na pia ilionyesha msomaji alikotoka na alikofikia.

Redio kaseti zilipoenea, sehemu ya kazi ya kalamu ilihamia kwenye mkanda. Msikilizaji alikaa tayari kubonyeza kitufe cha kurekodi mara mtangazaji alipotaja wimbo. Karatasi ya ndani ya jalada ndiyo iliyobeba kumbukumbu: upande A, upande B, na majina ya nyimbo kwa mpangilio. Maneno ya wimbo hayakuhitaji tena kuandikwa, kwa sababu sauti yenyewe ilirudiwa kwa kurudisha mkanda nyuma.

Intaneti ilileta badiliko kubwa zaidi. Goodreads ilianza 2007 kwa ajili ya wasomaji wa vitabu, na Letterboxd ikafuata 2011 kwa watazamaji wa filamu. Huko mtu bado huamua mwenyewe cha kuandika. YouTube, kwa upande wake, huweka historia ya video zilizotazamwa bila mtumiaji kuandika lolote, isipokuwa akiizima. Historia hiyo huonyesha video iliyofunguliwa, lakini haijui iliyomgusa mtazamaji, aliyempendekezea, wala alichojifunza. Tena hukaa mikononi mwa kampuni, na akaunti ikipotea nayo huweza kupotea.

Urahisi huo una faida, ila hauchukui nafasi ya daftari. Kumbukumbu yenye thamani ni ile ambayo mwenyewe ameitolea uamuzi. Kila msomaji na msikilizaji anunue daftari, aandike jina la kazi, mtunzi, tarehe na sentensi moja ya maoni yake. Mwenye daftari la zamani alitunze pakavu, mbali na mchwa, na awaonyeshe watoto wake.