Zabibu za Hombolo: kiangazi kimeingia, na mnunuzi keshabisha hodi

Wengi mmetuuliza shamba limefikia wapi, basi leo tuwape habari za Hombolo. Mvua zimekatika, na huku zikishakatika tone jingine hulitarajii mpaka mwisho wa mwaka. Kijani chote mnachokiona sasa ni cha kisima, ndoo na mpira.

Bustani kwanza. Mchicha na chainizi tumeshavuna mara mbili, bamia zinachanua, nyanya zimekaa vizuri tangu tuzitie samadi ya mbuzi. Jumamosi, tukishaswali alfajiri, wawili wetu hupanda gari na matenga mpaka Soko la Majengo mjini. Wateja wapo. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kweli, baada ya tangazo la mwaka 2016, mji umejaa watu wa pwani, na mtu wa pwani akikuta bamia changa habishani sana bei. Mlenda mkavu wao wanaupita tu; huo wananunua wenyeji, na ndio unaomalizika mapema kuliko vyote. Ubuyu nao umekomaa. Ninyi mnaoupika kwa sukari na iliki huko Unguja, huenda mbuyu wake mmeupita mkija kututembelea.

Lakini habari kubwa ni zabibu. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba, kwa kuwa unapogolewa mara mbili. Sasa vichala vimefunga, punje ndogo kama pilipili manga. Zao hili la kiangazi ndilo tulipendalo: mvua hakuna, ukungu unapungua, utamu unapanda.

Wiki iliyopita akaja mnunuzi. Anataka nusu eka yote, na nusu ya fedha anatoa sasa hivi, mkononi. Zinakokwenda hakuficha: kiwandani, zikawe mvinyo. Zabibu nyingi za Dodoma ndiko ziendako, na mizabibu tuliyoikuta shambani, Makutupora nyekundu, ni ya kazi hiyo hasa. Mdogo wetu anaolewa Oktoba. Fedha ile ingemaliza kitanda, vyombo na karamu kwa siku moja.

Kaka akasema sisi tunauza tunda, tunda ni halali, mwenye kulinunua na amali yake. Mama hakupandisha sauti. Alimkumbusha hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi: mkamuaji yumo, muuzaji yumo. Na hatuwezi kusema hatukujua, mtu mwenyewe katwambia. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kumuuzia zabibu unayejua kwa yakini kuwa atazifanya ulevi ni haramu. Kaka akanyamaza, ila hakuridhika, na hatumlaumu. Yeye ndiye anayelipa mafuta ya pampu. Aliyemaliza maneno ni bibi harusi: hataki kulalia kitanda cha fedha hiyo.

Basi tutauza mbichi kadiri soko litakavyobeba, zinazobaki tutakausha. Jua na upepo mkavu wa huku vinatosha. Tunakata kichala kikishaiva sawasawa, tunaosha, tunatandaza juu ya kichanja chenye wavu, tunageuza kila siku, jioni tunafunika. Kilo nne mbichi hutoa kama kilo moja kavu, kwa hiyo mkiona bei msishangae. Na tuseme ukweli: zabibu hizi zina kokwa. Kwenye biriani mgeni atazisikia menoni. Kwa pilau ya nyumbani hazina neno, na kwa sharubati ya kuloweka usiku kucha hatujaona mfano wake.

Zaka nayo tumeiweka hesabuni mapema. Katika matunda, Shafi wanatoa zaka kwenye tende na zabibu tu, zikifika wasaki tano, karibu kilo 650 zikiwa kavu. Za mvua ni moja ya kumi, za kumwagilia kwa gharama kama zetu ni moja ya ishirini. Nusu eka yetu iko pembeni kabisa ya kiwango hicho, tutapima.

Mbao za vichanja zimefika jana. Shuka kuukuu za kufunikia, kwa ajili ya ndege, tunazo nane na tunahitaji kama ishirini. Bibi harusi keshafuta karamu ya ukumbini. Watu watakula uani kwetu, mikekani, na vyombo vitanunuliwa kidogo kidogo kila Jumamosi kwa fedha ya bamia.