Doti Mbili za Pamba

Leo tuna kisa cha mgeni, mwanafunzi wa ukunga kutoka Uingereza, aliyekuja Unguja kwa wiki 4 kujifunza kazi kwenye wodi ya wazazi. Siku ya tatu tu akaingia dukani kwetu Darajani. Joto limemshinda, suruali zinambana, anataka sketi mbili ndefu.

Tukimpima, tukamuuliza kwa Kiingereza chetu cha skuli: umeionaje Zanzibar? Tulitarajia ataisifu bahari. Akasema kilichomshangaza kwanza ni salamu, maana kila anayepita anamuuliza hali. Cha pili ni kanga. Kwao mzazi hukuta shuka na taulo hospitalini. Huku kila mama amekuja na mfuko wake, ndani kanga ya kutandika, ya kujifunika na ya kumpokelea mtoto.

Hapo akanyamaza kidogo. Kisha akatuambia kuwa siku yake ya kwanza aliletwa dada mmoja, uchungu umemkaza, hana hata kanga moja. Mtoto akatoka. Mgeni wetu amemshika, anatafuta taulo kwa macho, haoni. Mama wa kitanda cha pili, naye yumo katika uchungu wake, akavuta kanga yake akampa.

Sisi tukainamia cherehani zetu tusionekane macho. Miaka yote tunauza kanga tukisifia rangi na jina. Hatujawahi kumwambia bi harusi hata mmoja kwamba moja katika hizi ndiyo itakayompokea mwanao.

Basi mabibi harusi wetu, mkifungasha sanduku, kisutu wekeni na za kutokea wekeni, lakini tengeni doti mbili za pamba tupu. Za poliesta zinang'aa, ila hazinyonyi maji, na mtoto akizaliwa hutakiwa akaushwe mara moja asishikwe na baridi. Siku zikikaribia zifueni, mzianike juani, mzipige pasi, mzitie kwenye mfuko safi. Na ongezeni kanga moja ya jirani wa kitanda.

Mgeni alipofuata sketi zake alinunua na doti moja. Tukadhani ni zawadi ya mama yake. Akasema hapana, hii inakwenda wodini, atakuja mwengine hana.

Allah awajaalie wajawazito wote wajifungue salama. Aamin.