Jina la Gari Si Jina la Gia

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma, na kutoka Palma hadi Quionga na ukingo wa Mto Ruvuma, pikapu kuukuu ni mguu wa jamaa nzima. Ndiyo ipakiayo samaki wakavu kuwapeleka nyanda za juu za Mueda, na ndiyo irudiayo na mihogo na mahindi. Mgonjwa hulazwa nyuma juu ya godoro, na bibi harusi hupandishwa mbele kwa vigelegele. Siku inapokwama, mwenye gari hakai kitako peke yake. Hukaa pamoja naye mchuuzi wa samaki, mama mwenye kusubiri mchele, na mtoto ambaye daftari lake hununuliwa kwa nauli za siku hiyo.

Miongoni mwa viungo vyote vya gari hilo, kimoja kinachotaabika sana kwa mchanga ni giaboksi. Dereva wa mchangani hushusha na kupandisha gia mara nyingi kuliko mwenzake wa barabara ya lami. Klachi huungua, na zile pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana huliwa kidogo kidogo. Mwishowe gia ya pili au ya tatu hulia, chuma kikisaga chuma, na kila aliyemo garini husikia.

Hapo huanza kazi ya kutafuta kipuri, na hapo ndipo fedha nyingi za nyumba hupotea. Mwenye gari humpigia simu jamaa yake aliyeko Pemba, Nampula, Mtwara au Dar es Salaam, akamwambia, “Ndugu yangu, ninunulie pete ya gia ya Hilux.” Jamaa huenda dukani kwa moyo mweupe na kulirudia neno hilo hilo. Muuzaji naye hutoa pete inayoitwa ya Hilux. Baada ya siku nyingi za safari kipuri hufika, fundi hukijaribu, nacho hakiingii.

Nani alaumiwe? Muuzaji hakusema uongo. Jamaa hakufanya hila. Kosa limo katika jina lenyewe. Toyota Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968, na tangu wakati huo imebadilishwa mara nyingi, mwili na injini. Pikapu hizo zimefungwa giaboksi za jamii mbalimbali, zikiwamo zile zinazotambulishwa kwa herufi W, G na R. Pete ya jamii moja haiketi juu ya gia ya jamii nyingine, hata kama magari yote mawili yana rangi moja na umri mmoja.

Pwani hii ina sababu yake zaidi ya kuchanganyikiwa. Iko mahali ambapo mikondo miwili ya magari hukutana. Kutoka kusini huja pikapu zilizoundwa Afrika Kusini, ambako Toyota ina kiwanda mjini Durban. Kutoka kaskazini huja zile zilizotumika Japani na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Nchi zote hizi huendesha magari upande wa kushoto, kwa hiyo usukani haumwonyeshi mtu tofauti yoyote. Muuzaji wa Pemba huiita caixa de velocidades, fundi wa Mtwara huiita giaboksi. Tofauti hiyo ya lugha humalizwa kwa kunyosha kidole. Tofauti ya meno ya gia haimalizwi hivyo.

Basi njia ya kipuri sahihi huanzia chini ya gari, kabla mtu hajagusa mkoba wake. Jambo la kwanza ni kuujua ugonjwa. Ikiwa gia zote zinalia, pamoja na ya kurudi nyuma, yafaa klachi ishukiwe kwanza. Huenda haiachii vizuri kwa sababu ya raba zilizochakaa katika silinda yake, na raba hizo ni za bei ndogo. Ikiwa gia moja tu ndiyo inayolia wakati wa kuiingiza, hapo pete yake yaweza kuwa imekwisha. Gia inayoruka yenyewe na kutoka gari likiwa mwendoni huelekeza macho kwenye meno yaliyolika au springi ya kuizuia. Aidha, gari likisimama fri na kuunguruma, kisha likanyamaza klachi inapokanyagwa, beringi za ndani ya giaboksi zachunguzwe. Kelele ikianza pale klachi inapokanyagwa, yaelekea ni beringi ya klachi. Wapo waliokwisha kununua giaboksi nzima hali ugonjwa ulikuwa raba ya klachi.

Jambo la pili ni kusoma kibati. Chini ya boneti ya Toyota nyingi kimepigiliwa kibati cha chuma chenye aina ya gari, injini na namba ya chesi. Upo na mstari uliopigwa chapa TRANS/AXLE, na alama za mwanzo katika mstari huo ndizo jina la giaboksi. Herufi za aina ya gari nazo husema mengi: katika LN, herufi L ni injini ya dizeli ya jamii ya L, na N ni Hilux. Pikapu ya YN ni ndugu wa mbali, maana injini yake ni ya petroli.

Hata hivyo kibati husimulia siku ya kuzaliwa tu. Gari la miaka thelathini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na huenda giaboksi iliyokuja nalo ilikwisha kuondolewa zamani. Kwa hiyo fundi mwangalifu huifungua, huhesabu meno ya gia na ya shafti, na huitoa pete ya zamani ikiwa nzima au imevunjika. Pete hiyo iliyochakaa ndiyo shahidi bora kuliko maneno yote. Anayekwenda dukani aende nayo mfukoni. Asipoweza, apewe picha yake kwenye simu, imepigwa pembeni ya rula, pamoja na picha ya kibati.

Jambo la tatu ni namba ya kipuri. Namba ya kawaida ya Toyota ina tarakimu kumi zilizogawanywa katikati. Tano za kwanza hutaja aina ya kipuri, kwa mfano klachi pleti huanza na 31250; tano za mwisho hutaja umbo lake. Anayelinganisha tano za kwanza pekee atapata klachi pleti kweli, lakini huenda ikawa ya gari la jirani.

Yafaa pia ifahamike kwamba pete mpya juu ya gia iliyolika ni kiraka kipya kwenye tanga bovu. Gia na pete hukaguliwa pamoja. Kadhalika oili itakayotiwa haina budi kuwa ile iliyotajwa na kitabu cha gari, kwa sababu baadhi ya oili zenye dawa kali za kulinda difu huweza kuila shaba ya pete.

Mashaka ya miaka ya karibuni yameongeza uzito wa mambo haya. Tarehe 5 Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa, na vita vikaenea katika wilaya za pwani. Agosti 2020 mji huo ulitekwa na waasi. Machi 2021 Palma nayo ilishambuliwa. Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliurejesha mji wa Mocímboa da Praia. Watu kwa maelfu walihama, na barabara zilikatika. Katika nyakati za namna hiyo, kipuri kisichoingia si hasara ya fedha pekee. Ni safari ya pili katika njia ambayo ya kwanza tu ilikuwa ya kumwomba Mungu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba ya ufa huu ni daftari dogo la nyumbani. Ndani yake ziandikwe namba ya chesi, jina la giaboksi, namba za vipuri vilivyokubali na tarehe vilipofungwa, na lisifungiwe ndani ya gari. Mama mwenye nyumba alijue lilipo, na kijana mkubwa ajue kulisoma. Gari likikwama Quionga na mwenyewe yuko Quionga, aliyebaki nyumbani ataweza kuagiza kipuri kwa namba yake.