Uchungu wa Msesewe

Kunywa ni jambo moja, kuonja ni jingine. Mnywaji hutafuta kukata kiu au kusahau. Mwonjaji hutafuta jina la kile kinachopita ulimini. Bia kali niliyoionja Braamfontein, mjini Johannesburg, ilinilazimisha kuipekua lugha yangu kabla ya kutoa hukumu.

Ilikuwa stauti nyeusi yenye kilevi cha asilimia 10, takriban maradufu ya bia zetu za kawaida za Dar es Salaam. Mhudumu, kijana wa Bukavu aliyenisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu, aliiweka mezani akasema, "Kaka, hii haitaki haraka." Alisema kweli. Ikiwa baridi ilitoa uchungu mtupu. Ilipopata joto ilifunguka: kahawa iliyokaangwa hadi kukaribia kuungua, kisha sukari guru, kisha moshi kwa mbali. Kasoro yake ni utamu mzito unaoganda kooni hata baada ya bilauri kuisha.

Uchungu ndio ulionishughulisha zaidi. Katika stauti huletwa na hopsi pamoja na shayiri iliyokaangwa sana. Kwetu Kilimanjaro, uchungu wa mbege huletwa na magome ya msesewe, ambayo huupunguza utamu wa ndizi mbivu zilizopikwa, zikachachuka na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Bibi yangu aliijua kwa kunusa tu siku ambayo pipa limeiva, na kwa kata za mbege aliwasomesha wanawe. Hakuna aliyemwita fundi. Kinywaji chake kiliitwa pombe ya kienyeji, na wengi walilitamka jina hilo kwa dharau.

Johannesburg inaifahamu dharau hiyo, maana huko iliandikwa kuwa sheria. Sheria ya Pombe ya 1928 iliwanyima Waafrika vileo vya Kizungu, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1962. Wanawake waliopika umqombothi wa mtama na mahindi majumbani walivamiwa na polisi na pombe yao ikamwagwa, ilhali manispaa iliuza pombe ya mtama katika kumbi zake na kujipatia mapato. Vijana wa Soweto walipoinuka mwaka 1976, kumbi za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa majengo waliyoyachoma.

Leo, katika mji huohuo, bia ya viwanda vidogo husifiwa kuwa kazi ya mafundi na hulipiwa ghali. Wapo wanaoirudisha sifa hiyo ilikotoka: Apiwe Nxusani-Mawela, mpikaji bia aliyeanzisha Brewsters Craft, ameuingiza mtama katika bia zake na husema wazi kwamba upishi wa pombe Afrika ulikuwa kazi ya wanawake.

Stauti ile naisifu, pamoja na utamu wake uliozidi. Lakini vigezo nilivyoipimia, yaani harufu, uzito, uchungu na ladha inayobaki, si mali ya hopsi peke yake. Mbege nayo inastahili kuandikwa kwa vigezo hivyohivyo, na kasoro zake zitajwe bila huruma, kwani ipo mbege mbovu. Kumkosoa mpikaji kwa makini nako ni kukiri kwamba alikuwa na ufundi wa kupimwa.