Kutafuta Uyoga Katika Msitu wa Epping

Msitu wa Epping u karibu na London. Mtu hushuka treni Loughton, akaenda kwa miguu kidogo tu. Tulifika Oktoba, majira ya majani kupukutika, nayo ardhi imelowa. Chini ya miti yenye gome jeupe tuliona uyoga mwekundu wenye madoa meupe, mzuri kwa macho, kumbe ni sumu. Lakini wa kuogopwa zaidi huota chini ya mialoni, nao ni wa kijani hafifu, mpole wa sura. Aulaye hukaa saa 6 au zaidi bila kuumwa, ndipo hutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu ya uongo, huku ini laharibika.

Kwetu Kenya mchumaji hutazama kichuguu: uyoga ambao shina lake lashuka hata nyumba ya mchwa, walioukuza wenyewe, ndio autiao kapuni. Uingereza hakuna vichuguu, basi alama hiyo haimfai mtu kitu.

Tena Epping kuchuma ni marufuku. Tangu mwaka 1878 msitu u mikononi mwa Baraza la Jiji la London, na sheria zake zakataza. Kindi aliyekuwa akifukia kokwa za mwaloni mbele yetu alikuwa na ruhusa kuliko sisi.