Sema Kabla ya Mechi

Mashabiki huzungumza mara mbili: kabla ya mechi na baada ya mechi. Mazungumzo ya baada ndiyo yenye kelele zaidi, kwa sababu kila mtu amekwisha kuona matokeo na hakuna anayeogopa kukosea. Mazungumzo ya kabla ni magumu. Anayesema hajui kitakachotokea. Silaha yake ni sababu zake tu. Katika insha hii nataka kuyatetea mazungumzo ya kabla, na mfano wangu nimeutoa katika mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi wala hatuutazami, yaani futiboli ya Kimarekani.

Mwaka wa masomo wa 2023/2024 niliishi Buffalo, katika jimbo la New York, nikisaidia kufundisha Kiswahili. Nilikaa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye alihamia huko na familia yake kama walivyofanya Wakongo wengine wengi. Buffalo uko kando ya Ziwa Erie, karibu na mpaka wa Kanada, na theluji yake ni ya kuziba milango. Timu ya mji huo ni Bills. Haijawahi kutwaa Super Bowl, ingawa ilifika fainali mara nne mfululizo, kuanzia Januari 1991 hadi Januari 1994, na kushindwa zote nne. Ile ya kwanza ilishindwa 20 kwa 19 baada ya Scott Norwood kupiga mpira kutoka yadi 47 na mpira ukapita kulia kwa milingoti. Hata watoto waliozaliwa baadaye sana wanaujua mpira ule.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, naomba dakika moja. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikiona jaribio la nne ni la hatari, huweza kuupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma. Ikiwa karibu na milingoti, huweza kuupiga katikati yake na kupata alama 3. Kuuingiza mpira katika eneo la mwisho, yaani tachidauni, ni alama 6, kisha hupatikana nafasi ya kuongeza. Anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi huitwa kwotabeki. Kila jaribio likiisha, mchezo husimama, wachezaji hujipanga, na makocha huchagua mpango mwingine. Kwa hiyo shabiki ana muda wa kufikiri, na kila baada ya sekunde chache anakutana na swali jipya: ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024, Bills walikuwa wawakaribishe Kansas City Chiefs katika mchujo. Wiki iliyotangulia, mechi yao na Pittsburgh Steelers ilikuwa imeahirishwa kwa siku moja kwa sababu ya dhoruba ya theluji. Klabu iliita watu waje kuzoa theluji uwanjani kwa malipo ya dola 20 kwa saa, na binamu yangu alikuwa mmoja wao. Bills waliwashinda Steelers 31 kwa 17. Sasa walikuja Chiefs na kwotabeki wao, Patrick Mahomes, ambaye hadi siku ile, ukiacha Super Bowl, hakuwa amecheza mechi ya mchujo nje ya uwanja wake wa nyumbani.

Jumamosi jioni tulikuwa watano mezani: mjomba, mkazamjomba, binamu, mimi, na jirani, mzee wa Kimarekani anayefanya kazi na mjomba katika ghala moja. Jirani alizungumza Kiingereza, mkazamjomba alijibu kwa Kiswahili cha Uvira, nami nikawa mkalimani. Mjomba alileta karatasi na kalamu. Sheria yake ilikuwa moja: kila mtu aandike mpango wake na sababu zake, karatasi zibandikwe kwenye friji, na baada ya mechi asilalamike mtu juu ya jambo ambalo hakuliandika.

Jirani alitangulia. Alisema dawa ya Mahomes ni kumweka benchi. Bills wakimbie na mpira, yadi tatu, yadi nne, wasiharakishe, wale muda wote. Kwotabeki aliyeketi hawezi kurusha pasi. Tena, alisema, tangu Joe Brady akabidhiwe mashambulizi mwezi Novemba, timu imezoea kukimbia na mpira, na Josh Allen mwenyewe ni mzito kumwangusha.

Binamu alipinga. Aliona mpango huo ni wa watu waoga. Ukitembea hatua ndogo ndogo, alisema, unahitaji kufanya vizuri mara kumi na mbili ili ufike, na kosa moja linaharibu zote. Afadhali Allen arushe pasi ndefu kwa Stefon Diggs mara chache, kwa kuwa pasi moja ikishikwa inatosha kubadili mchezo.

Mkazamjomba hakuupenda sana mchezo wenyewe, lakini aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha: "Na yule mpenzi wa Taylor Swift, nani atamlinda?" Alimaanisha Travis Kelce. Nilipotafsiri, jirani alicheka, halafu akaacha kucheka. Matt Milano, mlinzi hodari wa safu ya kati, alikuwa nje tangu Oktoba alipoumia mguu katika mechi iliyochezwa London. Terrel Bernard naye aliumia kifundo cha mguu dhidi ya Steelers. Wale ambao kazi yao ingekuwa kumfuata Kelce hawakuwapo. Mkazamjomba akaniambia niandike kwa niaba yake: Kelce awekewe watu wawili kila mara, na wengine waachwe wajaribu bahati yao. Sababu yake ilikuwa nzuri: msimu mzima wapokeaji wengine wa Chiefs walikuwa wakiangusha pasi hata tukawazoea.

Mjomba aliandika mwisho. Alitaka Bills wasiupige mpira mbali ovyo katika jaribio la nne, kwa kuwa kumpa Mahomes mpira ni hatari hata awe mbali kiasi gani. Alikumbusha mechi ya Januari 2022, ambayo huko Buffalo huitwa "sekunde 13" tu. Bills waliongoza 36 kwa 33 zikiwa zimebaki sekunde 13. Mahomes alirusha pasi mbili, Chiefs wakapiga mpira katikati ya milingoti wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza wakashinda 42 kwa 36 bila Allen kuugusa mpira. Miezi miwili baadaye sheria ya muda wa nyongeza katika mchujo ilibadilishwa, ili kila timu ipate nafasi ya kushambulia. Kwa mashabiki wa Buffalo sheria hiyo ni kama daktari aliyefika baada ya mazishi.

Mechi yenyewe ilikwenda hivi. Bills walikaa na mpira takriban dakika 37 kati ya 60, kama alivyotaka jirani. Walishindwa, kwa sababu Chiefs walizitumia vizuri mno nafasi zao. Kelce alifunga mara mbili, kama alivyoogopa mkazamjomba. Katika robo ya nne Allen alirusha pasi ndefu sana kwa Diggs, kama alivyotaka binamu. Ilimfikia mikononi, ikamponyoka. Na katika jaribio la nne, wakiwa kwenye yadi 30 yao wenyewe, Bills walijifanya wanaupiga mpira mbali kisha Damar Hamlin akakimbia nao. Alihitaji yadi 5, akapata 2. Mjomba alifumba macho. Lakini muda mfupi baadaye Mecole Hardman wa Chiefs aliuangusha mpira, ukatoka nje kupitia eneo la mwisho, na kwa sheria ukarudi kwa Bills. Ule uamuzi uliotutia hofu haukugharimu hata alama moja. Ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 43, Tyler Bass alipiga mpira kutoka yadi 44 ili kusawazisha. Ulipita kulia. Mechi iliisha 27 kwa 24.

Asubuhi iliyofuata mji mzima ulikuwa na makocha. Ndani ya basi nilimsikia mtu akisema kwamba kila mwenye akili alijua Bass angekosa. Kazini kwa mjomba, wale waliotaka timu ikimbie na mpira walisema sasa kwamba kukimbia ndiko kulikoiua timu. Mjomba alirudi nyumbani, akasimama mbele ya friji, akasoma zile karatasi moja moja. Hakuna iliyokuwa na neno juu ya mpiga mpira wala juu ya upepo.

Jirani alipokuja jioni alimuuliza swali ambalo naliona ni zito: kama hatumhukumu mtu kwa matokeo, je, kocha hakosei kamwe? Mjomba alisema hapana. Kocha anaweza kukosea kabla ya mpira kuanza. Kama aliona walinzi wake wa kati ni majeruhi na bado akamwacha mchezaji wa akiba amfuate Kelce peke yake, hilo ni kosa, hata Kelce angeangusha kila pasi. Na kama alichagua vizuri kwa yale aliyoyaona, upepo si kosa lake. "Mtu ahukumiwe kwa taa aliyokuwa nayo," alisema, "si kwa jua lililochomoza baadaye."

Nilijua wakati ule kwamba hakuwa anazungumzia futiboli peke yake. Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira, watu wazima wa familia yetu waliketi usiku mmoja kuamua njia. Wengine walitaka kwenda kusini kwa barabara, kuelekea Fizi. Mjomba alitaka kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kwa sababu bibi hakuweza kutembea. Walivuka. Bibi alifariki kambini kabla ya mwaka kwisha. Tangu hapo, katika kila msiba na kila harusi, wapo jamaa wanaosema kwamba kama wangepita Fizi bibi angeishi. Mama yangu alirudi Uvira baada ya miaka mingi, na huko nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, kutoka kwa watu ambao usiku ule walikuwapo na hawakutaja njia nyingine yenye nafasi kwa mgonjwa asiyeweza kutembea. Mjomba hajawahi kuwajibu. Hakukuwa na karatasi usiku ule.

Lugha yetu inalifahamu jambo hili. Tunasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Methali hiyo hutumiwa kumwonya mtu afikiri kabla ya kutenda, na ni onyo jema. Lakini mara nyingi tunaitumia kama fimbo: tunangoja mjukuu azaliwe, kisha tunamlaumu babu kwa kutomjua jina. Ndiyo maana naona tofauti kubwa kati ya "ange-" na "ata-" kuliko ile tunayoandika katika vitabu vya sarufi. "Angerusha" humgharimu msemaji kitu kidogo sana. "Atarusha, kwa sababu hii na hii" humweka mtu mahali anapoweza kuonekana amekosea, na papo hapo wenzake wanaweza kumjibu. Binamu na jirani walibishana kwa saa mbili, na kila mmoja alimlazimisha mwenzake kutoa sababu bora zaidi. Baada ya mechi walibaki wakigombania jambo ambalo halingeweza tena kubadilika.

Nimeleta desturi hii katika kikundi chetu cha masomo. Tunaposoma riwaya, tunasimama kabla ya sura ya mwisho, na kila mmoja anaandika mhusika mkuu anapaswa kuchagua nini na kwa nini, kwa yale ambayo mhusika huyo anayajua wakati huo. Mwanzoni wenzangu waliona ni mchezo wa kubahatisha. Sasa wanakubali kwamba ni vigumu kumwita mhusika mjinga ukiwa umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba nawe ungefanya kama yeye. Uhakiki wetu umekuwa na huruma zaidi, na umekuwa mkali zaidi pia, kwa sababu mhusika anayepuuza lililo mbele ya macho yake hawezi tena kujificha nyuma ya bahati.

Na likizo iliyopita nilipokuwa Uvira, jamaa mmoja alianza tena habari ya njia ya Fizi. Nilimuuliza kwa heshima, kama inavyompasa kijana: "Baba mdogo, usiku ule ulishauri nini juu ya bibi?" Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba usiku ule yeye ndiye aliyekwenda kutafuta mtumbwi.